Kufanya kazi huku unaishi hosteli ya chuo: mwongozo kamili, toka kutafuta zamu mpaka kulipwa

Nimeandika hii kwa ajili ya mwanafunzi anayeingia hosteli mara ya kwanza na anajua kabisa hela ya matumizi haitafika mwisho wa semista, na pia kwa yule ambaye kazi ameshapata ila maisha ya rumu yameanza kumshinda. Nimeishi hosteli miaka mitatu, miwili kati ya hiyo nilikua nakaa dawati la mapokezi kwenye jengo lilelile ninalolala, nimeosha vyombo jikoni, nimepanga vitabu maktaba, kwahiyo ninayoyasema hapa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kitu kimoja nataka ukishike toka mwanzo. Kazi ya mwanafunzi ichague kwa saa zake kwanza, hela baadae. Zamu inayolipa vizuri kidogo lakini inaisha saa nane usiku itakula kipindi cha asubuhi, ukikosa vipindi vya kutosha somo linarudiwa, na kurudia somo ni ada, kwahiyo ile nyongeza uliyoifurahia inarudi chuoni yote na ya juu yake. Nimeona watu wenye akili sana wakianguka hapo, sio kwa uvivu, ni kwa hesabu mbaya ya muda.

Hatua ya 1: hesabu saa zako kabla hujaomba kazi yoyote

Chukua karatasi ukae chini. Wiki ina saa 168. Toa za kulala, saa 8 kila siku ni 56, zinabaki 112. Toa vipindi na maabara, tuseme 18, zinabaki 94. Toa za kusoma mwenyewe, 30, zinabaki 64. Sasa kula, kuoga, kufua, kutembea kwenda na kurudi, weka saa 4 kwa siku ambazo ni 28 kwa wiki, zinabaki 36. Hizo 36 ndo maisha yako mengine yote yaliyobaki, ibada, simu za nyumbani, mpira, marafiki, siku ya kuumwa, foleni ya kufulia, na kazi nayo inatoka humohumo.

Kama unaona saa 30 za kusoma nimezidisha, angalia mfumo wa kredi wa Ulaya unaoitwa ECTS, mwaka mmoja wa masomo ni kredi 60 na kredi moja inahesabiwa saa 25 hadi 30, yaani saa 1500 hadi 1800 kwa mwaka, vipindi na kusoma mwenyewe kwa pamoja. Ukizigawa kwa wiki 40 unapata saa 37 mpaka 45 kila wiki, na vyuo vingi wiki za masomo hazifiki hata 40. Maana yake kusoma peke yake tayari ni ajira ya kutwa.

Kwa mwaka wa kwanza ushauri wangu ni saa 10 hadi 12 za kazi kwa wiki, usizidishe. Ukishazoea chuo unaweza kwenda 15. Ukifika 20 kuna kitu kitalipa, na mara nyingi kinachoanza kulipa ni usingizi.

Ukimaliza hesabu chora ratiba ya wiki nzima, paka rangi vipindi vyote, alafu angalia mapengo. Pengo la saa moja na nusu kati ya vipindi halifai kwa kazi ya mjini kwasababu linaishia njiani, ila kwa kazi iliyoko ndani ya jengo lako au jirani na darasa linafaa kabisa. Hapo ndo faida kubwa ya kuishi hosteli ilipo, unatoka kitandani unafika kazini kwa dakika mbili, wala hulipi nauli.

Hatua ya 2: zijue kazi zenyewe zilivyo, maana tangazo halitakuambia

Dawati la mapokezi ndo kazi ninayoijua zaidi. Watu wanaiona rahisi, umekaa tu, na kweli kuna saa nzima hapiti mtu unasoma zako. Lakini kazi yenyewe iko kwenye makabidhiano. Unapoingia zamu usikae kwanza, simama mbele ya ubao wa funguo uhesabu ndoano kwa ndoano na mwenzako akiwa bado yupo, kila ndoano tupu iwe na jina na saini kwenye daftari, kisha vifurushi rafuni vilingane na orodha, ndo unasaini. Mwenzako akishatoka mlangoni bila hiyo hesabu, ufunguo uliopotea mchana unakua wako wewe wa usiku.

Na usiku ndo watu wanakuja na maneno. Kijana amesimama mbele yako saa saba usiku, analia kabisa, anasema amefungiwa nje, chumba namba fulani, mpe ufunguo wa akiba. Unamuonea huruma kweli. Fungua orodha, uliza jina kamili, angalia picha ya kitambulisho, na kama hana kitambulisho mpeleke mwenyewe au muite msimamizi aliye zamu afungue na ahakikishe. Siku moja aliyekua mbele yangu alikua sio mkaaji wa chumba kile, alikua amegombana na mpenzi wake aliyekua ndani amelala. Ningempa ule ufunguo sijui kingetokea nini. Vilevile mtu akipiga simu kuuliza kama fulani yupo ndani, hata akijitambulisha kama mzazi, jibu lako ni kupokea ujumbe basi. Usiseme yupo, usiseme hayupo.

Jikoni na ukumbi wa chakula malipo yake ya kweli mara nyingi ni mlo, na mlo una thamani kuliko unavyodhani, kwahiyo uliza mapema kama zamu inakuja na chakula na unakula saa ngapi. Kazi ni ya kusimama. Nunua viatu visivyoteleza kabla ya siku ya kwanza, sio baada ya kuanguka. Zile mashine kubwa za kuoshea vyombo zinazoua vijidudu kwa joto zinasuuza kwa maji ya nyuzi 82 za Selsiasi, ukifungua mlango simama pembeni uache mvuke utoke kwanza, mimi niliinama nikaungua kidevu wiki ya kwanza tu.

Maktaba na chumba cha kompyuta ni zamu tulivu, saa zinajulikana, hazikufuati mpaka rumu. Zinagombewa sana kwahiyo omba mapema. Usafi wa korido unafanyika alfajiri na unamalizika kabla ya vipindi, kama wewe ni mtu wa kuamka mapema usiidharau, ikifika saa mbili asubuhi siku yote ni yako. Kufundisha wenzako somo ulilofaulu vizuri kunalipa vizuri kwa saa, ila hesabu na muda wa kujiandaa, saa moja ya kufundisha ni karibu saa mbili kwa ukweli.

Alafu kuna kazi ya mwanafunzi mlezi wa bweni, yule anayesimamia korido, anapatanisha waliogombana, anaita msaada mtu akiugua. Vyuo vingi vinamlipa kwa chumba cha bure au punguzo, wengine wanaongeza na chakula. Ni kazi nzuri sana kwa mtu anayependa watu, lakini haina mlango wa kutokea, unalala kazini. Kabla ya kukubali uliza haya: nitakua wa dharura usiku mara ngapi kwa mwezi, je likizo naruhusiwa kuondoka, nikiacha katikati ya mwaka chumba nakipoteza baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho watu wanalisahau, kumbe ukipoteza kazi unapoteza na pa kulala. Pia uliza ofisi ya fedha kama thamani ya hicho chumba itapunguza msaada wa masomo unaoupata, vyuo vingine vinahesabu hivyo.

Hatua ya 3: hakikisha unaruhusiwa

Kuna ngazi tatu na zote zinakuhusu. Kanuni za chuo, masharti ya ufadhili wako (kuna ufadhili unaokataza kazi kabisa), na kama unasoma nje ya nchi yako, masharti ya viza.

Kwenye viza usikisie. Uingereza mwanafunzi wa digrii wa kutoka nje kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki yao inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili. Marekani mwenye viza ya masomo inayoitwa F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati masomo yanaendelea. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo toka Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa kila wiki mbili toka Julai 2023, na Ujerumani siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka toka Machi 2024. Hizi sheria zinabadilika kwahiyo soma kilichoandikwa kwenye kibali chako mwenyewe. Wengi wanateleza kwenye kujumlisha. Zamu 12 za saa moja maktaba na saa 10 za jikoni ni saa 22, hata kama kila bosi anaona zake tu na anasema uko sawa. Anayejumlisha ni wewe.

Hatua ya 4: kuomba

Nafasi nzuri zinaisha kabla semista haijaanza. Msimamizi anapanga zamu wiki mbili tatu kabla wanafunzi hawajafika, kwahiyo ukishapangiwa hosteli tu andika barua pepe siku hiyohiyo, na ukifika pita ofisini mwenyewe. Andika fupi: jina, mwaka wa masomo, jengo unaloishi, kazi unayotaka, saa unazoweza. Ambatanisha CV ya ukurasa mmoja na ile ratiba yako uliyoipaka rangi. Hiyo ratiba ndo inayokupa kazi, nakuambia kweli, kwasababu kichwa cha msimamizi muda wote kinawaza nani atakaa Jumapili jioni, na ukimpa jibu kabla hajauliza umemaliza nusu ya usaili.

Huna uzoefu? Umewahi kutunza hela za kikundi, kuuza dukani kwa ndugu, kulea wadogo zako, kusimamia wenzako shuleni. Andika ulifanya nini na kwa muda gani. Kwenye usaili watakuuliza ungefanya nini mtu akipiga muziki saa sita usiku, wanataka kusikia kwamba ungeenda kwa upole, ungemwambia mara moja, ungeandika kwenye daftari, na akikataa ungemuita aliye juu yako. Usijifanye utamaliza kila kitu mwenyewe.

Usipoitwa, rudi wiki ya tatu. Wiki ya tatu kuna watu wameshaona hawawezi na wameacha, mimi niliingia mapokezi kwa njia hiyo.

Hatua ya 5: mkataba, na daftari lako

Kabla ya zamu ya kwanza uwe umejua, kwa maandishi, unalipwa kiasi gani kwa saa, unalipwa tarehe ngapi, saa zinarekodiwa wapi, mafunzo yanalipwa au hayalipwi, na ukiumwa unamuarifu nani. Usione aibu kuuliza, hakuna mwajiri wa maana anayechukia swali la malipo.

Mwezi wangu wa kwanza kwenye kazi moja nilifanya zamu 11 nikalipwa 8. Nilipoenda kulalamika niliulizwa tarehe za hizo tatu, nikawa nakumbuka mbili tu na nyingine sina uhakika kama ilikua Jumatano au Alhamisi. Sikulipwa. Iliniuma sana kwasababu ile hela ilikua ya vitabu na nilishaahidi kuirudisha kwa rafiki. Toka siku hiyo nikanunua daftari dogo linaloingia mfukoni, kila zamu mstari mmoja: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la aliyenipokea. Mwisho wa mwezi nalinganisha na karatasi ya malipo kabla sijatumia hata senti. Mara mbili baadae kulikua na makosa na mara zote mbili yalirekebishwa siku hiyohiyo, kwasababu nilienda na ukurasa wazi nikauweka mezani. Picha ya ratiba ya zamu ubaoni nayo piga kila wiki, ubao unafutwa.

Hatua ya 6: zamu za usiku

Kama unaweza kuziepuka ziepuke mwaka wa kwanza. Kama huwezi, basi zifuatane, usiku mbili mfululizo mwili unazizoea kuliko Jumatatu moja na Alhamisi moja. Jioni kabla ya kuingia lala kwa muda wa saa moja na nusu. Kahawa iwe mwanzoni mwa zamu, isiwe saa kumi alfajiri, maana utatoka asubuhi macho yamekauka na usingizi hauji. Ukirudi rumu funga pazia, funika macho kwa kitambaa, weka simu mbali ikiwa na alamu tu. Na usiku wa kuamkia mtihani usifanye zamu hata ukibembelezwa namna gani.

Hatua ya 7: rumeti wako

Hapa nitakaa kidogo kwasababu kazi nyingi za wanafunzi zinaharibikia rumu, sio kazini. Wewe unatoka zamu saa saba usiku, mwenzako ana kipindi saa moja asubuhi, wote mna haki ya kulala kwenye chumba cha hatua nne.

Kaa nae wiki ya kwanza kabla hamjakoseana. Mpe ratiba yako ya zamu, bandikeni ukutani pamoja na yake ya vipindi. Kubalianeni taa kubwa inazimwa saa ngapi, nani anafunga mlango, wageni mpaka saa ngapi, na mkichoshana mnaambiana vipi. Sisi tulikubaliana kuambiana siku ileile ana kwa ana, hakuna kuandikiana ujumbe wa simu mkiwa mmelala vitanda viwili vinavyotazamana.

Alafu fanya mambo madogo yanayomuonyesha kwamba unamfikiria. Nguo za kulalia ziache juu ya mto kabla hujaenda kazini. Viatu vua mlangoni. Taa ndogo ya mezani igeuze ielekee ukutani. Ufunguo ushike mkononi toka korido ili usitafute kwenye begi na yale makelele ya zipu. Alamu iwe ya mtetemo chini ya mto na uizime mara ya kwanza, kitu kinachouwa urafiki wa rumu kuliko vyote ni alamu inayolia mara sita ya mtu asiyeamka.

Ukiwa unafanya kazi kwenye jengo unaloishi kuna na hili, watu watagonga mlango wako ukiwa umelala wakitaka ufunguo au kifurushi. Mara ya kwanza waambie kwa upole kwamba aliye zamu yuko chini, na usishuke. Ukishuka mara moja watarudi kila siku. Na marafiki watakuomba uwapitishe mgeni bila kuandika jina, kataa kwa kila mtu sawasawa, hata rumeti.

Hatua ya 8: mwili, chakula, nguo, umeme

Chakula ndo cha kwanza kuachwa mtu akianza kazi. Weka rumuni kitu kisichoharibika cha kula kabla ya zamu. Ukipika, chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na friji ya korido iwe chini ya nyuzi 5, kama inatoa maji na maziwa yanachachuka toa taarifa, usiendelee kuhifadhi humo. Andika jina na tarehe juu ya kopo.

Kufua fanya siku ambayo watu hawafui. Jumapili jioni hosteli nzima iko kwenye foleni, Jumanne asubuhi mashine ziko tupu. Kaa na nguo zako mpaka ziishe, nenda na kitabu.

Kunguni hawana uhusiano na uchafu, wanasafiri kwenye mabegi. Siku unayoingia, kabla hujatandika, inua godoro uangalie mishono na pembe za kitanda kwa tochi ya simu, unatafuta vidoa vyeusi kama vya kalamu na maganda madogo ya kahawia. Ukiviona piga picha, ripoti kwa maandishi, usihamishe vitu vyako kwenda rumu nyingine maana utawapeleka. Nguo na mashuka fua kwa nyuzi 60 au kausha kwa joto kali nusu saa. Usipulize dawa ya kopo peke yako, wanakimbilia ukutani na kurudi.

Umeme nao una hesabu yake na ni muhimu sana. Wati ni volti mara ampia. Kwenye nchi zenye volti 230, ekstensheni iliyoandikwa ampia 10 inabeba wati 2300 mwisho. Birika peke yake ni kama wati 2000. Ukiongeza pasi ya 1500 kwenye ekstensheni hiyohiyo umefika 3500, waya unaanza kupata moto chini ya kitanda ambapo huoni moto wala moshi. Geuza plagi usome namba. Na ekstensheni haichomekwi juu ya ekstensheni nyingine.

Hatua ya 9: wiki za mitihani

Ratiba ya mitihani ikitoka tu, siku hiyo, mpelekee msimamizi tarehe zako na zamu unazoomba kupunguziwa. Usiende mikono mitupu, nenda na jina la mwenzako mliyeshakubaliana kubadilishana, yeye akubebee wiki hii na wewe umbebee yake inayofuata, mwanafunzi wa kozi tofauti anafaa zaidi kwasababu mitihani yenu haigongani. Mabadilishano yote yaandikwe na msimamizi asaini, "tulielewana kwa mdomo" ikifika siku ya mtu kutotokea inakua ni wewe hukutokea.

Kama alama zimeanza kushuka punguza saa nusu kwa mwezi mmoja uone. Ukimueleza bosi mapema kwa kawaida anakubali, kwake ni nafuu kuliko kumfundisha mtu mpya.

Hatua ya 10: kuondoka vizuri

Toa taarifa wiki mbili kabla, kwa maandishi. Siku ya mwisho rudisha funguo, sare na kitambulisho cha kazi mbele ya mtu, asaini kwenye daftari lako. Subiri malipo ya mwisho uyalinganishe kama kawaida kabla hujahama jengo, ukishahama kufuatilia ni shida.

Barua ya mapendekezo omba wiki hiyohiyo, usisubiri mwaka wa mwisho, msimamizi anaweza kuwa ameshahama na wewe umebaki jina tu. Mwandikie karatasi fupi ya kumsaidia: ulianza lini, ulifanya zamu ngapi (daftari linazo zote), ulishika funguo za vyumba vingapi, ulifundisha wafanyakazi wapya wangapi, tukio gani gumu ulilolishughulikia. Mimi nilimpelekea yangu pamoja na bahasha na jina la ofisi ya kuipeleka, akaiandika siku ileile jioni mbele yangu, nikaipiga picha kabla sijaifunga.